Je, Wajua? Saratani ya taya isiyopenda milima

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya kila upande, juu na chini. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakashika njia kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, wakiulizia uvimbe huo hospitali kwa hospitali, picha zake mkononi. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa ulikuwa adimu.

Mshukiwa mkuu ni malaria ya kurudiarudia, ambayo hupungua kwenye baridi ya milimani, ikishirikiana na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Basi mtoto wa Lushoto, Tanzania, kwenye mita 1,400 hivi, ana nafuu kuliko wa Mombo au Korogwe kwenye joto. Nafuu tu: familia hushuka kwenye mashamba ya mkonge, na mbu naye hupanda.

Dalili ya mwanzo mara nyingi ni meno kulegea, na wengi hukimbilia kung'oa. Hapo ndipo siku hupotea, maana uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili! Hospitalini huchomwa sindano nyembamba au hukatwa kinyama kidogo, kikapimwa kwa hadubini. Tiba yake si kisu. Ni dawa, hasa saiklofosfamaidi, na taya huweza kunywea ndani ya siku chache. Watoto wengi wanaowahishwa na kumaliza dozi hupona.