Uwezo wa Sumu na Hatari ya Kuumwa: Ufafanuzi Kuhusu Buibui Wazururaji wa Jenasi ya Phoneutria

Ikisiri

Makala hii inafafanua maumbile, mwenendo na sumu ya buibui wazururaji wa jenasi ya Phoneutria, wanaopatikana Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa sumu na hatari ya kuumwa ni dhana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Sumu ya buibui hawa ina nguvu kubwa dhidi ya mfumo wa neva, lakini kumbukumbu za hospitali nchini Brazili zinaonesha kuwa wengi wa walioumwa hupata athari ndogo. Makala inaonesha chanzo cha tofauti hiyo na umuhimu wake katika tiba, hususani kwa watoto.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno sumu hubeba dhana zaidi ya moja. Sumu ni ile iliyomo katika uyoga mbaya, ni ile inayotiwa katika chambo cha panya, na ni ile inayopenya mwilini kwa jino la nyoka. Mazungumzo ya kila siku hayahitaji kuzitenganisha dhana hizo, kwa kuwa muktadha hutosha. Mtafiti, hata hivyo, hawezi kuridhika na hali hiyo. Njia ambayo sumu inapitia kuingia mwilini, kiasi kinachoingia, na ukubwa wa mwili unaoipokea ndivyo vinavyoamua iwapo aliyeumwa atapata maumivu ya saa chache au atapoteza maisha.

Buibui wa jenasi ya Phoneutria ni mfano mzuri wa kuchunguza suala hili. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya muuaji wa kike, na maandishi mengi ya kuvutia wasomaji humtaja buibui huyu kuwa mwenye sumu kali kuliko wote duniani. Madai ya namna hiyo hupima jambo moja tu, yaani nguvu ya sumu katika maabara, kisha huhitimisha jambo jingine, yaani hatari kwa binadamu. Makala hii inachunguza kama hitimisho hilo linafuata.

2.0 Uainishaji na Mtawanyiko

Jenasi ya Phoneutria iliasisiwa na Perty mwaka 1833 na imo katika familia ya Ctenidae. Familia hiyo ina wawakilishi barani Afrika pia, lakini Phoneutria ni jenasi ya Amerika pekee. Spishi zake zimetawanyika kuanzia Kosta Rika hadi kaskazini mwa Argentina. Miongoni mwa zinazofahamika zaidi ni P. fera na P. reidyi za ukanda wa Amazoni, P. boliviensis, na P. nigriventer ya kusini na kusini-mashariki mwa Brazili. Spishi hii ya mwisho ndiyo iliyochunguzwa kwa kina zaidi, kwa sababu makazi yake yanaingiliana na maeneo yenye watu wengi.

Uainishaji wa jenasi hii haujatulia muda wote. Mathalani, P. eickstedtae ilielezwa mwaka 2007, na mwaka 2021 P. depilata ilirejeshwa kuwa spishi kamili baada ya kuhesabiwa kwa muda mrefu kuwa sehemu ya P. boliviensis. Mabadiliko haya yana athari za moja kwa moja katika utafiti wa sumu. Sampuli iliyokusanywa zamani kwa jina moja yaweza kuwa ya spishi nyingine, na matokeo yake yakahusishwa na mnyama asiyehusika.

3.0 Maumbile na Mwenendo

Phoneutria ni buibui wakubwa. Kiwiliwili cha aliyekomaa chaweza kukaribia sentimita 5, na miguu ikinyooshwa hufikia sentimita 13 hadi 18. Wana macho manane yaliyopangika katika safu tatu: mawili, manne, kisha mawili. Hawatandi utando wa kunasia mawindo. Huzurura usiku juu ya ardhi na mimea, wakiwinda wadudu, buibui wengine, na wakati mwingine vyura na mijusi wadogo. Ndiyo sababu wakaitwa wazururaji.

Nchini Brazili buibui huyu huitwa armadeira, jina linalotokana na mkao wake wa kujihami. Anapotishwa, huinua miguu ya mbele, huonesha meno yake na kuyumba upande hadi upande. Mkao huo ni onyo linalotangulia kuuma. Sumu ni rasilimali ambayo mwili wa buibui hugharamika kuitengeneza, na kazi yake ya kwanza ni kukamata mawindo. Kwa hiyo, buibui anayejihami aweza kuuma huku akitoa sumu kidogo tu, au asitoe kabisa.

Mchana hujificha chini ya magogo, kwenye majani ya migomba, katika marundo ya vifusi, na hata ndani ya viatu na nguo. Kusini-mashariki mwa Brazili, matukio ya kuumwa huongezeka katika miezi ya Machi hadi Mei, ambayo ni msimu wa kujamiiana. Madume hutangatanga kutafuta majike na huingia majumbani.

4.0 Namna Sumu Inavyofanya Kazi

Sumu ya P. nigriventer ni mchanganyiko wa protini, peptidi na molekuli nyingine ndogo. Watafiti wa mjini Belo Horizonte walizitenganisha peptidi zake katika makundi yanayoitwa PnTx1, PnTx2, PnTx3 na PnTx4, na kila kundi lina shabaha yake katika mfumo wa neva.

Ili kuelewa shabaha hizo, ni lazima kukumbuka jinsi neva inavyopeleka taarifa. Katika utando wa seli ya neva kuna malango yanayopitisha ioni. Malango ya sodiamu yakifunguka, ioni za sodiamu huingia na msukumo wa umeme husafiri. Yakijifunga, msukumo hukoma. Peptidi za kundi la PnTx2 huyachelewesha malango hayo kujifunga. Matokeo yake ni kwamba neva huendelea kutoa ishara wakati ambapo ingepaswa kutulia, na kemikali za mawasiliano humwagika kwa wingi kwenye viungo. Hapa ndipo zinapotokea dalili za sumu hii: maumivu makali mahali palipoumwa, jasho, mapigo ya moyo ya kasi, shinikizo la damu kupanda, kutapika, na katika hali mbaya maji kujaa kwenye mapafu. Kwa wanaume na wavulana, uume unaweza kusimama kwa muda mrefu kwa maumivu.

Kundi la PnTx3, kwa upande wake, hulenga malango ya kalsiamu na kuyazuia. Hivyo basi, sumu hii si kitu kimoja chenye nguvu moja. Ni mkusanyiko wa silaha, na kila moja ina lango lake.

5.0 Ushahidi wa Kitabibu

Swali linalofuata ni je, nguvu hiyo hujidhihirisha vipi kwa watu walioumwa? Jibu lenye uzito zaidi linatokana na uchunguzi wa Bucaretchi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, kuhusu wagonjwa 422 waliotibiwa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Campinas kati ya mwaka 1984 na 1996. Ubora wa takwimu hizo umo katika sharti moja: buibui aliyeuma aliletwa na kutambuliwa kuwa wa jenasi ya Phoneutria. Bila sharti hilo, kidonda cha mdudu yeyote kingeweza kuhesabiwa.

Maumivu ya mahali palipoumwa yaliripotiwa kwa asilimia 92.1 ya wagonjwa. Hata hivyo, asilimia 89.8 walikuwa na athari ndogo, asilimia 8.5 athari za wastani, na asilimia 0.5 tu, yaani wagonjwa wawili, walipata athari kali. Wote wawili walikuwa watoto, na mmoja wao, mchanga wa miezi 9, alifariki. Seramu ya kukinza sumu ilitolewa kwa asilimia 2.3, sawa na takribani wagonjwa 10. Wengine walitibiwa kwa dawa ya ganzi mahali palipoumwa na dawa za maumivu.

Takwimu hizi zinahitaji kufasiriwa kwa makini katika mambo matatu. Kwanza, zinatoka hospitalini. Aliyeumwa na kupata maumivu madogo huenda hakufika kabisa, hivyo sehemu halisi ya athari kali yaweza kuwa ndogo zaidi. Pili, buibui huyu huwinda usiku, lakini takribani robo tatu ya wagonjwa waliumwa mchana, na zaidi ya nusu waliumwa majumbani. Hili linaonesha kuwa mara nyingi ni mkono au mguu wa mtu unaoingia maficho ya buibui. Tatu, na hili ndilo zito, wastani wa jumla huficha kundi lililo hatarini. Tuchukue mfano: kiasi kilekile cha sumu kikiingia kwa mtu mzima wa kilo 64 na kwa mtoto wa kilo 8, kila kilo ya mwili wa mtoto hupokea sumu mara nane zaidi. Kusema kwamba sumu hii haiui ni kosa sawa na kusema kwamba humwua kila aumwaye.

Seramu inayotumika hutengenezwa na Taasisi ya Butantan ya mjini São Paulo, iliyoanzishwa mwaka 1901 na kuongozwa na daktari Vital Brazil. Hupatikana kwa kuwakinga farasi kwa sumu za Phoneutria, buibui wa Loxosceles na nge wa Tityus. Kwa kuwa ni zao la mnyama, seramu yenyewe yaweza kumletea mgonjwa mzio. Hivyo, woga unaomfanya tabibu kuitoa kwa kila aliyeumwa unaweza kudhuru, na dharau inayomfanya kuchelewa kumpa mtoto inaweza kuua.

6.0 Utambuzi Katika Shehena

Woga huo umevuka mipaka ya Amerika ya Kusini kupitia biashara ya ndizi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 na Vetter na wenzake ulihusu buibui 135 waliokutwa katika shehena za kimataifa zilizoingia Amerika ya Kaskazini. Waliokutwa kwa wingi zaidi walikuwa Heteropoda venatoria, ambao hawana madhara, na spishi kadhaa za Cupiennius, ambazo kwa sehemu kubwa hazina madhara pia. Wenye umuhimu wa kitabibu walikuwa wachache. Heteropoda venatoria ameenea katika nchi za joto, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, ambako huonekana ukutani usiku akiwinda mende. Ukubwa wa buibui, basi, si kigezo cha sumu yake.

7.0 Sumu Kama Chanzo cha Dawa

Uteuzi wa shabaha ulioelezwa katika sehemu ya nne ndio unaowavutia watafiti wa dawa. Peptidi ya PnTx2-6, yenye asidi amino 48, ilionekana kuhusika na kusimama kwa uume kupitia njia ya oksidi ya nitriki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Minas Gerais walibuni kutokana nayo peptidi fupi ya asidi amino 19, PnPP-19, inayobakiza athari hiyo bila ukali wa ile ya asili, na kazi hiyo imefikia hatua ya majaribio kwa binadamu. Vilevile, peptidi ya PnTx3-6 huchunguzwa kama dawa ya maumivu, ikilinganishwa na zikonotidi, dawa iliyotokana na konokono wa baharini Conus magus na kuidhinishwa Marekani mwaka 2004.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba uwezo wa sumu ya Phoneutria ni mkubwa, na kwamba hatari ya kuumwa hutegemea kiasi kilichoingia, umri na uzito wa aliyeumwa, na wepesi wa kufika kwenye tiba. Kwa uandishi wa sayansi katika Kiswahili, inapendekezwa kwamba sifa kama "sumu kali" isitumike peke yake. Mwandishi abainishe ni kali kwa nani, kwa kiasi gani, na kwa ushahidi upi. Msomaji wa maelezo hayo aweza kuwa tabibu aliyeletewa mtoto anayelia, naye atahitaji kujua kama asubiri au achukue hatua.