Si Kila Mahangaiko ni Sakarati

Mgonjwa wa saratani atokaye Ngara au Biharamulo, akisha kupelekwa Bugando kule Mwanza, au akajaaliwa kufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, na matabibu wakaona kwamba maradhi hayana tena dawa ya kuyaondoa, aghalabu hurudi kwa jamaa zake na mfuko wa vidonge; na tangu hapo tabibu wake wa kila siku huwa ni mke, binti au mkaza mwana, ambaye hakufunzwa lolote juu ya vidonge vile ila saa za kuvimeza.

Humo mfukoni huenda mna amitriptilini ya kumeza usiku. Asili yake ni dawa ya sonona, walakini katika tiba shufaa hutolewa kwa kipimo kidogo, mathalan miligramu 10 au 25, ili kutuliza yale maumivu ya mishipa ya fahamu yaunguzayo kama moto na kuchoma kama sindano. Mofini ya maji kila mtu huiogopa na kuiheshimu; kidonge hiki hakiogopwi na mtu, kwa kuwa kimekwisha kupewa jina la dawa ya usingizi, na nani atamnunulia dawa ya usingizi mtu asinziaye mchana kutwa? Basi huachwa. Au huisha, na zahanati haina, na nauli ya pikipiki hadi hospitali ya Murgwanza haipo.

Mwili uliokwisha kuizoea dawa haukubali kunyang'anywa ghafla. Baada ya siku chache huja kichefuchefu, jasho, kuharisha, kukosa usingizi na wahaka usio na sababu. Na kwa baadhi ya dawa nyingine za sonona, kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani. Jamaa wakiyaona hayo husema sakarati imeingia, wakamwita katekista, na dhiki ambayo huenda ingetulia kwa kurudishiwa kidonge chake ikahesabiwa kuwa ni mauti.

Kanuni ya matabibu ni kupunguza kipimo kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Huyu wetu pengine majuma hayo hanayo, na kwa hiyo shauri lifanywe angali anameza.

Nawe uuguzaye, ukiona koo laanza kukataa kumeza, au vimebaki vidonge vya siku tano, mpelekee muuguzi habari siku hiyo hiyo, na mfuko mzima mkononi.