Aliyeshindwa Ndiye Aliyeuhifadhi

Kanduyi ni mahali pa njia panda. Hapa barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba hupokea ile itokayo Musikoma na Mumias, na malori yaendayo Uganda hupita usiku na mchana, hata mgeni akadhani kwamba kila aliyepo ana safari. Walakini penye msafara mkubwa namna hii ndipo penye watu wenye saburi ya ajabu. Katika steji za bodaboda, madereva wasio na abiria huinamia ubao wa drafti wenye vifuniko vya soda, na kandoni mwao husimama watazamaji ambao kila mmoja ana shauri lake. Kwa miaka ya karibuni, kupitia shule na vyuo na simu za mkononi, sataranji nayo imeingia katika jamaa hii, ikapata vijana wanaoipenda kwa dhati na watu wazima, mimi nikiwa mmoja wao, wanaoicheza bila tamaa ya cheo wala ujira.

Sisi wachezaji wa ridhaa tuna mazoea ambayo naona yanatudhulumu. Tukishinda, twasimulia mchezo mpaka majirani wauchoke. Tukishindwa, twafagia kete ndani ya mfuko kabla ya kuulizana lolote. Aidha, aliye na simu hukimbilia programu ya Stockfish, ambayo kwa dakika chache humwonyesha kila kosa alilotenda, naye akaridhika kwamba ameelimika. Napenda kudai katika makala haya kwamba mchezo wenye kasoro nyingi, maadamu ulikuwa na uhai, una ilimu ambayo mashine haiwezi kuitoa, na kwamba ilimu hiyo hupotea upesi isipoandikwa na wale waliocheza.

Ushahidi wangu wa kwanza ni mchezo niliocheza Jumamosi moja hapa Kanduyi na fundi cherehani aliyeshuka kutoka Kitale kwa matatu, mtu aliyenizidi umri, niliyemwita Mzee naye akiniita kijana wangu. Nilikuwa na kete nyeupe. Kitunda changu kilipofika mraba wa e5 kilimfukuza farasi aliyekuwa akimlinda mfalme wake, nami nikaona mlango umeachwa wazi. Nikamtoa askofu wangu mhanga katika h7, mfalme akamla, farasi wangu akaruka g5 kwa cheki, mfalme akarudi g8, na malkia wangu akaenda h5 akitisha kummaliza papo hapo. Watazamaji wakasogea.

Hesabu yangu haikuwa timamu. Askofu wake wa upande wa malkia alikuwa na njia nyeupe mpaka f5, na kutoka hapo angeilinda h7, nami ningebaki mwenye hasara ya askofu kwa kitunda kimoja. Mzee akafikiri kwa muda mrefu, kisha akaisogeza ngome yake e8 ili mfalme apate upenyo. Lilikuwa kosa kubwa kuliko langu, maana kama malkia wangu angekula kwanza kitunda cha f7, ndipo aanze kumwandama mfalme kwa cheki, mfalme yule angefungwa katika e7, katikati ya jeshi lake mwenyewe. Mimi nikatoa cheki ya h7 mara moja. Mfalme akapita f8, akapita e7, akatokomea upande wa pili wa ubao akiwa mzima.

Baada ya hapo kete nyingi zilibadilishwa. Yeye alikuwa na askofu wa ziada, nami nilikuwa na kitunda cha pembeni kisicho na mpinzani, ambacho kilikwenda hatua kwa hatua mpaka h7. Hatua moja tu ilibaki kiwe malkia, ila askofu wake alikuwa akiilinda h8 kutoka mbali. Ilinipasa niipeleke ngome g8 kukisindikiza, nimpate askofu yule kwa bei ya kitunda. Nikachagua cheki nyingine. Mfalme wake akaitumia nafasi hiyo kusonga mbele, akakishika mkono kitunda chake cha upande wa malkia, na kitunda hicho ndicho kilichovikwa taji. Nikampa Mzee mkono.

Hatukuzipakia kete. Tulizirudisha mahali pake, tukaupitia mchezo upya kwa kuulizana, na katika maulizano hayo ndimo nilimopata kitu chenye thamani. Nilimwuliza kama hakuiona f5. Akasema aliiona vema. Lakini kwa kuwa nilimtoa askofu wangu bila kusita, alidhani nimekwisha kuihesabu f5 na kuitegea mtego. Aliniamini kuliko nilivyostahili. Naye aliponiuliza sababu ya cheki ya h7, nilitambua kwamba kila nilipotoa cheki watazamaji walinong'ona, na mnong'ono ule ulinivuta kuliko ubao. Programu baadaye ilithibitisha makosa yote, mraba kwa mraba, kwa insafu isiyo na upendeleo. Haikujua habari ya imani ya Mzee wala ya mnong'ono wa watu, na haiwezi kuijua, maana habari hiyo haikuwamo katika kete.

Ushahidi wangu wa pili ni mkubwa zaidi. Tarehe 21 Juni 1851, mjini London, yalipokuwa yakifanyika mashindano makuu ya mabingwa wa sataranji, Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky walicheza mchezo usiokuwa wa mashindano. Anderssen alikuwa mwalimu wa hisabati wa Breslau. Kieseritzky, mzaliwa wa Dorpat, naye alipata kuifundisha hisabati kabla ya kuhamia Paris, ambako alifundisha sataranji katika Café de la Régence. Anderssen alitoa askofu mmoja, akatoa ngome zote mbili, mwisho akatoa malkia, na katika hatua ya 23 akamfunga mfalme kwa farasi wawili na askofu aliyesalia. Mwaka 1855 Ernst Falkbeer aliuita mchezo usiokufa, na jina hilo limedumu.

Mchezo huo haukosi kasoro. Wachambuzi wa baadaye walionyesha kwamba hatua ya 18 ya Anderssen, alipompeleka askofu d6 na kuziacha ngome zake, ilimpa mwenzake njia ya kuokoka: malkia mweusi angekula kwanza ngome ya a1 kwa cheki, kisha akarudi b2, na sifa yote ya shambulio ingetiwa shaka. Kieseritzky alikula kwanza ile ngome nyingine, akaangamia. Lakini nani aliyetuhifadhia mchezo huo? Ni yeye Kieseritzky, aliyeshindwa, ambaye mwaka uleule wa 1851 aliuchapisha katika jarida lake mwenyewe, La Régence. Lau angeona haya, huenda jina la mshindi lingebaki bila johari yake kubwa. Mimi namwona mtu huyo kuwa na murua mkubwa, maana aliupenda ukweli wa mchezo kuliko jina lake.

Ng'ambo ya Malaba, jirani zetu wa Uganda wana mfano wao wa mtu asiyeaibishwa na kushindwa. Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyefundishwa na Robert Katende, alikwenda Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, akashindwa mchezo wake wa kwanza na Dina Kagramanov wa Kanada. Kushindwa huko hakukumtoa ubaoni. Mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Istanbul, alipata daraja la bingwa mtarajiwa wa wanawake.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenye vilabu vya sataranji Bungoma na Kitale, na vijana wanaocheza kwa simu wakisubiri abiria, washike daftari. Andikeni hatua zote, na kando ya kila hatua nzito andikeni siku hiyohiyo mlichokiogopa, mlichokitamani, na mlichomdhania mwenzenu. Kisha mwulizeni mwenzenu naye alidhani nini, ndipo muifungue programu. Mashine itawaambia kosa liko wapi, nanyi mtakuwa mmekwisha kujua limezaliwa na nini. Na mshindi asipouandika mchezo kwa furaha yake, basi na auandike aliyeshindwa, maana yeye ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuufahamu.