NAMNA YA KUTENGENEZA NGOZI YA NDEGE ISIHARIBIKE

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya porini nyuma ya machimbo ya shaba, toka Kipushi na Likasi mpaka Kolwezi, kuwinda mnakujua. Siku nyingi mtu anarudi nyumbani na kanga, au kwale, au bata wa mtoni. Nyama inaingia chunguni, manyoya yanatupwa jaani, na mambo yamekwisha. Lakini ndege aliyetengenezwa vizuri anaweza kukaa miaka zaidi ya 100 bila kuoza. Watoto wa shule watamtazama, wenye elimu ya wanyama watamsoma kama kitabu, na fundi wa mjini anaweza kumsimamisha juu ya tawi kama ndege aliye hai. Tena nyama yake hampotezi. Sikilizeni, nitawaeleza kazi hii tangu ndege anapoanguka mpaka anapowekwa sandukuni.

1. Anza kwa ruhusa, usianze kwa kisu

Katika nchi ya Kongo kuwinda kunatawaliwa na sheria, na sheria ya uwindaji ni ya mwaka 1982. Ndani ya Parki ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939, usiwinde kabisa. Kasuku wa kijivu usimuue wala usimtege, hata kama mtu wa mjini anakuonyesha fedha nyingi. Kwa ndege wengine, uliza kwanza wenye kazi ya kulinda wanyama. Usiue ndege kwa sababu ya ngozi tu, kama hakuna aliyekuomba kwa kazi ya elimu. Tumia yule uliyemwua kwa chakula kwa ruhusa.

Ndege uliyemkuta amekufa mwenyewe, usimguse kwa mikono mitupu, wala usimle. Kuna ugonjwa wa mafua ya ndege, unaweza kumwingia mtu. Ukiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, au kuku wanakufa ghafula, peleka habari kwa shefu na kwa mganga wa mifugo.

2. Vyombo vya kazi

Vyombo si vingi: kisu kidogo chenye ncha na makali mema, makasi madogo, sindano na uzi, pamba safi, vijiti vilivyonyoka, kalamu ya risasi, karatasi ngumu, na unga wa mahindi usio laini sana. Mke wako atauliza: «Unga wa kula unamwagiwa ndege?» Mjibu kwamba vikombe viwili vinatosha, nao unga ndio unaokunywa damu na maji, manyoya yasichafuke. Unga uliokwisha kutumika utupwe, usirudi jikoni.

Dawa yake ni boraksi, ni unga mweupe unaouzwa kwa wauza dawa. Chumvi si nzuri kwa ndege, kwa kuwa wakati wa mvua inavuta maji ya hewani, na ngozi inalowa tena.

3. Mara ndege anapoanguka

Ngozi nyingi zinaharibika njiani, kabla kisu hakijatoka alani. Mshike ndege vizuri, usimning'inize kwa mkia wala kwa bawa. Kama angali hai, mwue upesi, asiteseke. Halafu chukua pamba, uzibe kinywa, matundu ya pua na kila jeraha, ili damu isitoke. Laza manyoya kama yalivyokuwa. Kunja karatasi kama pembe, mtie ndani kichwa kwanza, ukamchukue kivulini. Usimtupe katika mfuko pamoja na ndege wengine.

Kabla ya kufunga karatasi, tazama rangi ya macho, ya mdomo na ya miguu, ukaiandike papo hapo. Rangi hizi hufifia baada ya kufa. Macho mekundu yatakuwa kama matope, na kesho hutakumbuka.

Katika nchi yetu ya joto usingoje mpaka kesho. Ndege wa asubuhi achunwe kabla jua halijashuka. Akianza kuoza, manyoya ya tumbo yanang'oka yenyewe, na hapo hakuna fundi anayeweza kumponya.

4. Kuchuna

Mlaze ndege chali juu ya meza. Tenga manyoya ya tumbo upande huu na upande huu, utaona ngozi tupu. Kata ngozi tu, toka mwisho wa mfupa wa kidari mpaka karibu na tundu la haja. Usikate kwa nguvu, ukitoboa tumbo utachafua kila kitu. Mwaga unga mara moja, na uendelee kumwaga kila unapoona maji au damu.

Sukuma ngozi kwa vidole kuliko kuivuta. Ngozi inayovutwa inarefuka, na ndege atakuwa na shingo ya korongo. Sukuma goti litokee ndani, kata pale gotini, ondoa nyama katika mfupa wa chini. Fanya hivyo na mguu wa pili. Halafu kata shina la mkia kwa ndani, ukiacha kile kifupa kinachoshika manyoya ya mkia. Ukikikata, mkia wote utaanguka.

Sasa geuza ngozi nje ndani, kama mtu anavyovua soksi, mpaka ufike kwenye mabega. Kata mbawa begani. Endelea na shingo mpaka kichwa. Kwenye masikio, ngoa ngozi ndogo kwa ukucha. Kwenye macho nenda polepole, ukate utando mwembamba bila kugusa kope. Toa macho bila kuyapasua. Kata shingo mahali inapoungana na fuu, na kwa tundu hilo la nyuma utoe ubongo. Toa ulimi na nyama yote ya mashavu. Fuu na mdomo vinabaki katika ngozi.

Bata na kigogota wana kichwa kikubwa na shingo nyembamba, kichwa hakipiti. Usilazimishe. Pasua kidogo kisogoni kwa nje, usafishe kwa njia hiyo, kisha ushone.

Mbawa pia zina nyama. Kwa ndege mdogo safisha mfupa kwa ndani. Kwa ndege mkubwa pasua chini ya bawa, mahali pasipoonekana, utoe nyama.

Kabla mwili haujaenda jikoni, fungua ubavu wa kushoto, utazame karibu na figo. Ndege dume ana vitu viwili kama maharagwe. Jike ana kishada cha mayai madogo sana. Andika: dume au jike. Baada ya hayo nyama ioshwe na kupikwa kama siku zote, kwa kuwa bado hujatumia dawa. Boraksi isikaribie chungu.

5. Mafuta na dawa

Mafuta ndiyo adui mkubwa wa ngozi. Yakibaki yanageuka manjano, yanatoka mpaka kwenye manyoya na kuichoma ngozi. Bata ana mafuta mengi. Yakwangue polepole kwa kisu kisicho na makali, mwaga unga, kwangua tena, mpaka unga ubaki mkavu. Damu iliyo juu ya manyoya ioshwe kwa maji baridi, kisha unga umwagwe na kupeperushwa mpaka manyoya yasimame tena.

Sasa paka boraksi ndani ya ngozi yote, katika fuu, katika mifupa ya miguu na mbawa, na kwenye shina la mkia.

Hapa nawaonya. Zamani mafundi wa Ulaya walipaka sabuni ya arseniki. Mfaransa Bécoeur wa mji wa Metz aliitengeneza katika karne ya 18, na watu wengi wakaifuata. Arseniki inaua wadudu, inaua na watu, wala haiishi nguvu kwa kukaa. Kwa hiyo ndege wa zamani aliyesimamishwa, ukimkuta katika nyumba ya kale, usimpe mtoto amchezee. Ukimshika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na mtu akikuletea dawa ya ngozi bila kukuambia jina lake, ikatae.

6. Kujaza

Tia pamba katika matundu ya macho, kisha rudisha ngozi upande wake wa kweli, polepole, kichwa kwanza. Zungushia kijiti pamba, upate umbo la mwili uliotoka, wala mnene wala mwembamba kupita ule. Kwa hiyo usipeleke mwili jikoni kabla ya kuupima. Ncha ya kijiti iingie katika fuu. Shona tumbo kwa mishono michache. Funga mdomo kwa uzi. Kunja mbawa ubavuni, pinganisha miguu uifunge pamoja.

Huyu ni ndege wa kulala, na ndiye anayetakiwa katika makabati ya wenye elimu. Ndege wa kusimama ni kazi ya fundi, naye hutia waya katika miguu, mbawa na shingo, na macho ya kioo. Anaweza kulowesha ngozi yako kavu na kuisimamisha hata baada ya miaka. Ukitaka kujaribu mwenyewe, usitumie waya wa shaba, ingawa shaba ndiyo mali ya nchi yetu. Shaba ikigusana na mafuta inatoa kutu ya kijani. Tumia waya wa chuma uliopakwa zinki.

7. Kukausha na kulinda

Mlaze ndege chali, umzungushie utepe wa karatasi ili mbawa zisifunguke. Mweke kivulini penye upepo. Jua linafifisha rangi, moshi wa jikoni unachafua manyoya. Ndege mdogo anakauka kwa juma moja au mawili, mkubwa anakawia zaidi, hasa wakati wa mvua. Miguu ya meza isimamishwe katika makopo yenye maji, siafu wasipande. Panya na mende wanapenda ngozi kuliko sisi. Akikauka, mweke katika sanduku linalofungwa sana, umtazame kila mwezi. Ukiona vumbi jipya chini yake au manyoya yanayoanguka, wadudu wameingia. Mtenge na wengine upesi.

8. Karatasi ya habari

Sasa nafika kwenye neno lililo kubwa kuliko yote. Funga miguuni karatasi ngumu, uandike kwa kalamu ya risasi: jina la kijiji na la mto ulio karibu, siku, mwezi na mwaka, jina la aliyemwua, dume au jike, rangi za macho, mdomo na miguu, na jina la ndege kwa lugha yenu, ikiwa ni Kiluba, au Kisanga, au Kilamba. Wazee walimpa jina kwa kumjua.

Tazameni mambo ya tausi wa Kongo. Mwaka 1913 Bwana James Chapin, Mmarekani, aliona katika nchi ya Ituri unyoya katika kofia ya mtu. Hakumjua ndege wake, ingawa wenyeji wa msitu walimjua. Mwaka 1936, katika jumba la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliosimamishwa. Karatasi yao ilisema ni tausi vijana wa Uhindi. Karatasi ilidanganya. Ndege walikuwa wa Kongo, na unyoya wake ulikuwa wa ndege wa namna hiyo. Mwaka 1937 Chapin akarudi Kongo, akawapata.

Na hapa kwetu, kwenye ziwa la Tshangalele, pale maji ya Lufira yalipozuiwa kwa ukuta wa Mwadingusha, alipatikana mwaka 1960 ndege mdogo wa jamii ya wale wanaofuma viota. Ngozi yake ikatunzwa pamoja na habari zake. Miaka zaidi ya 20 ilipita ndipo wenye elimu wakatambua kwamba ni ndege wa peke yake, wakamwita Ploceus ruweti, kwa jina la Bwana Ruwet aliyemkusanya.

Mimi mwenyewe nilikosa. Mzee mmoja mwindaji aliniletea ndege ambaye hakuna kijana wa kijiji aliyemjua. Nilimchuna vizuri, hakuna unyoya uliopotea. Nikasema moyoni: habari zake nitaziandika kesho. Nilipompeleka mjini niliulizwa: «Ametoka mto gani? Mwezi gani? Wazee wanamwitaje?» Nikarudi mbio kumwuliza mzee. Nilikuta matanga. Ndege yule amebaki pambo juu ya kabati, mzuri, bubu.

Miombo inakatwa kwa makaa, machimbo yanaongezeka, na mito mingine imebadilika. Ndege wanaoimba leo nyuma ya nyumba yenu, huenda wajukuu hawatawaona. Basi, mkiwa na ruhusa na ndege mkononi, fanyeni kazi hii kwa subira, na karatasi iandikwe siku ile ile.