Lubisi, Kahawa na Senene: Maburudisho ya Jioni Uhayani

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, kinywaji cha jioni ni lubisi, yaani pombe ya ndizi, na kitafunwa kinachoitangulia ni kahawa. Watu hukusanyika jua likipoa, kazi za kibanja, yaani shamba la migomba, zimekwisha na chungu cha ndizi na maharage bado kiko jikoni. Waitalia wa Torino na Milano nao wana saa yao ya divai ya vermuti na zeituni kabla ya mlo wa usiku, lakini wao huifuata baani. Kwa desturi ya Wahaya, wageni humfuata mwenye pombe nyumbani kwake.

Sababu iko katika pombe yenyewe. Ndizi huvundikwa siku kadhaa shimoni au juu ya meko, kisha wanaume huzikanyaga pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, hadi maji matamu yatoke. Maji hayo, mulamba, huchujwa, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, halafu hufunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake ni lubisi. Siku chache baadaye imechachuka mno. Pombe isiyohifadhika haimfai mchoyo. Aliyekamua hana budi kuita watu, naye ataitwa zamu ya jirani itakapofika. Hata leo, ingawa sehemu kubwa huuzwa vilabuni, mkamuaji anayemsahau baba yake husemwa.

Kahawa ni kinyume chake: hukaa miezi, kwa hiyo hakuna nyumba yenye kisingizio cha kuikosa. Ni robusta inayochumwa kabla haijaiva, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha ikakaushwa. Hainywewi. Ganda hupasuliwa kwa meno na punje hutafunwa taratibu, chungu kidogo, huku habari za nyumbani zikiulizwa moja moja. Mgeni huletewa katika kikapu kidogo cha kusukwa hata kama amepita tu. Zamani, zao hili lilikuwa chini ya mamlaka ya watawala, na lilibeba mambo mazito kuliko maburudisho: wawili waliofunga undugu wa damu, omukago, walilishana punje za kahawa zilizopakwa damu zao.

Baada ya kahawa huja kibuyu. Mwenye nyumba huonja kwanza, ili wageni waone kuwa hakuna sumu. Wazee hunywa kwa mrija, tena kila mmoja na kibuyu chake, wadogo hungoja.

Senene, panzi ambao nao ni kitafunwa, hawana ratiba ya mtu yeyote. Hushuka kwa makundi hasa Novemba na Desemba, wakati wa mvua. Zamani walikamatwa kwa mikono nyasini. Siku hizi taa kali huwavuta usiku, wakagonga mabati na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Hung'olewa mabawa na miguu, hutiwa chumvi na kukaangwa, au hubanikwa wapate kusafirishwa. Mhaya wa Dar es Salaam aliyeletewa kifurushi chake hupata marafiki wengi ghafla.

Mambo mawili yameipunguza lubisi. La kwanza ni uamsho wa walokole ulioingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930 ukiwataka waumini waache pombe. Nyumba zao zikabaki na kahawa, ambayo hakuna aliyeiona dhambi. La pili ni mnyauko wa migomba uliogunduliwa Muleba mwaka 2006. Bakteria wake hubebwa na wadudu wanaotua kwenye maua, na kainja, ndizi ya pombe, ndiyo iliyoshambuliwa zaidi. Wakulima wakafundishwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, na mashina yaliyougua yakang'olewa. Mahali palipokosa ndizi za kukamua, bia ya chupa imejaza nafasi, na katika baa za mjini Bukoba sahani ya senene huwekwa kando yake.