"NEMA inachelewesha mjengo!" Hoja hii tuiangalie vizuri

Wakuu, kila mvua kubwa ikiisha huku Meru na Embu, hoja moja hurudi majukwaani: "Watu wamelala nje, na nyinyi mnaniletea mambo ya mazingira?" Makofi hupigwa. Nimeisikia kwa mwenye kiti na kwa anayekitaka, kwa hivyo tusirushiane ya vyama hapa.

Kuna ukweli ndani yake. Aliyepoteza nyumba kwenye mafuriko ya 2024 hakuwa na muda wa makaratasi. Lakini sheria yenyewe, ile EMCA ya 1999, haimtumi mama wa watu akafanye utafiti ndio arudishe mabati yake. Tangu 2019 miradi imepangwa kulingana na hatari yake. Midogo huanza na ripoti fupi tu. Tathmini kamili ni ya ile mikubwa.

Sasa njoo kwa mchanga, maana hapa ndipo kuna pesa na ndipo hakuna anayetaka kuongea. Daraja, kalvati, darasa jipya, zote zinakula mchanga, na mchanga wetu unatoka mitoni, kule chini Mbeere na Tharaka. Malori yakichota karibu na daraja, maji yanachimba sakafu ya mto, msingi wa nguzo unabaki wazi, halafu mvua inayofuata inamalizia. Yaani tunabomoa daraja la zamani ili tujenge jipya! Ndiyo sababu mwongozo wa kitaifa wa uvunaji mchanga wa 2007 ulikataza kuchota ndani ya mita 100 kutoka darajani.

Udongo nao? Barabara ikikarabatiwa haraka haraka bila mitaro, mlima unateremka na mvua. Pale Embu mjini unaingia Rupingazi, Rupingazi inaingia Thiba, na Thiba inamwaga kwa bwawa la Kamburu. Hilo bwawa ni la umeme. Tope likijaa, maji yanakosa nafasi, hata wewe uko Nairobi unanunua tokeni inakuhusu.

Kwa hivyo mtu akiahidi daraja "ndani ya miezi mitatu", muulize mchanga utatoka mto gani, na umbali gani kutoka darajani. Mimi niliuliza hivyo kwa baraza moja huku kwetu. Nikajibiwa, "Hiyo tutaiangalia." Lori la kwanza lilikuwa limeshapita asubuhi.