Fahamu: Jinsi sukari ya mwani inavyoamsha mbegu za maua

Mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar, hasa na wanawake, una karaginani, sukari yenye minyororo mirefu. Mwani wa kahawia una alginati, nayo ni sukari ya minyororo mirefu. Minyororo hiyo ikikatwa kwa vimeng'enya, asidi au mionzi, hupatikana vipande vifupi ambavyo mmea huvipokea kama ishara.

Mbegu nyingi za maua ni ndogo na akiba yake ya chakula ni haba. Hulowekwa kwenye maji yenye kiasi kidogo sana cha vipande hivyo, kisha hukaushwa kivulini kabla ya kupandwa. Vipande hivyo vinaweza kuchochea uvunjaji wa akiba hiyo, mzizi ukachomoza mapema.

Dozi ikizidi, uotaji huzorota. Usiloweke mbegu pamoja na mwani mbichi: chumvi yake huzuia mbegu kunyonya maji.